Andiko la Mradi Lisomwe Kwanza Mugunga

Sehemu kubwa ya mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, imekaa juu ya mwamba wa volkano. Volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava mwaka 1977. Januari 17, 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu na kuacha watu zaidi ya 100,000 bila makao, na Mei 22, 2021 ikashuka tena na kusimama kwenye viunga vya kaskazini. Lava ikipoa huwa jiwe. Sasa chukua andiko la mradi linalosema kwamba vyoo 50 vitachimbwa kwa kina cha mita tatu, kila kimoja kwa siku mbili, kwa nguvu za vijana wa mtaa. Sentensi hiyo haina kosa la lugha. Ina idadi, ina kipimo, ina muda, na inataja watakaofanya kazi. Mfadhili anayeisoma akiwa Brussels au Geneva ataipitisha bila kusita. Mama wa mtaa wa Mugunga akisomewa atauliza kabla haijaisha: mtachimba wapi? Katika mitaa mingi ya Goma choo hakichimbwi hivyo. Huinuliwa juu ya ardhi kwa mawe na mbao, au mwamba huvunjwa kwa nyundo na mitalimbo kwa siku nyingi, na gharama yake ni nyingine kabisa.

Andiko la mradi ni kurasa chache ambazo chama, ushirika, parokia au kikundi cha akina mama hutumia kuomba pesa kwa kueleza tatizo, kazi itakayofanyika, jinsi mafanikio yatakavyopimwa na gharama zake. Mashauri yanayotolewa kwa waandishi wa maandiko haya yanafanana karibu kila mahali: fuata muundo wa mfadhili, andika kwa ufupi, weka malengo yanayopimika, hakikisha hesabu zinajumlika. Yote ni kweli, na asiyeyafuata hupoteza nafasi yake mapema. Pia shirika lazima liwe na hati zake chini ya sheria namba 004/2001 ya Julai 20, 2001 inayosimamia vyama visivyo vya faida nchini Kongo, la sivyo bahasha yake haitafunguliwa. Lakini mashauri hayo yanahusu umbo tu. Ninachodai hapa ni kwamba uwazi wa andiko hupimwa na mtu anayeishi na tatizo lenyewe: kama anaweza kulisikiliza, akalielewa, na akaonyesha palipokosewa, andiko hilo liko wazi. Kama hana pa kushika, limejaa maneno matupu hata likiandikwa kwa Kifaransa cha chuo kikuu.

Historia ya mji huu inatoa ushahidi mzito. Julai 1994, katika siku chache tu, wakimbizi kati ya laki nane na milioni moja walivuka kutoka Rwanda na kuingia Goma na vijiji vya jirani. Kipindupindu na kuhara damu vikaua karibu watu 50,000 katika mwezi wa kwanza. Misaada ilifika kwa ndege, mashirika yalikuwa mengi, na kamera za dunia nzima zilikuwapo. Hata hivyo kambi ya Kibumba ilikuwa mahali pasipo na maji, ikabidi yaletwe kwa malori, na ardhi ya mwamba ilikataa vyoo na hata makaburi. Watafiti waliochunguza vituo vya matibabu walieleza baadaye katika jarida la kitabibu la Lancet, mwaka 1995, kwamba vifo vingi vilitokana na wagonjwa kurudishiwa maji mwilini polepole mno, na pia na wahudumu kukosa uzoefu wa kipindupindu. Timu iliyotoka Bangladesh, nchi inayoufahamu ugonjwa huo kwa miaka mingi, ilipopewa kituo, vifo vilishuka sana. Nia njema ilikuwapo, na pesa zilikuwapo. Kilichokosekana ni ujuzi wa jinsi jambo linavyofanyika mahali hapa, kwa watu hawa, na ujuzi huo ndio andiko la mradi linapaswa kuubeba.

Aibu ya 1994 ilizaa kitu ambacho leo kinatumika duniani kote. Baada ya tathmini kubwa ya kimataifa iliyotolewa mwaka 1996, mashirika ya misaada na familia ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu yalianzisha mwaka 1997 mpango wa Sphere, ambao unaweka viwango vya chini vya huduma. Kila mtu apate walau lita 15 za maji kwa siku, sehemu ya kuteka isizidi mita 500 kutoka anapolala, na bomba moja linalotoa lita 7.5 kwa dakika lisihudumie zaidi ya watu 250. Waandishi wengi hunakili namba hizi na kuziacha kama pambo. Ukizibadilisha ziwe katika kipimo cha Goma, zinaanza kufanya kazi. Hapa maji huhesabiwa kwa bidoni ya manjano ya lita 20. Familia ya watu sita inahitaji lita 90, yaani bidoni nne na nusu kwa siku. Mwambie hivyo mama yeyote wa mtaa wa Ndosho, atakuambia papo hapo kwamba yeye anapata mbili, na atakutajia bei ya ile ya tatu inayoletwa na mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo.

Tuendelee na hesabu hiyo, maana hapa ndipo andiko linapopata nguvu. Tuseme mtaa una kaya 300 za watu sita, yaani watu 1,800. Wanahitaji lita 27,000 kwa siku, sawa na bidoni 1,350. Bomba la lita 7.5 kwa dakika likitiririka saa nane hutoa lita 3,600, hivyo mabomba manane yangetosha. Mwandishi aliyeketi ofisini angeishia hapo na kuomba pesa za mabomba manane. Lakini akiwasomea wakazi, wanamwambia kwamba maji hufika saa tatu tu kwa siku, tena usiku. Kwa saa tatu bomba moja linatoa lita 1,350, kwa hiyo yangehitajika mabomba 20, au machache pamoja na tangi la kuhifadhi maji yanayofika usiku ili yatekwe mchana. Mradi umebadilika kutoka mabomba hadi tangi kwa sababu ya sentensi moja ya mkazi. Andiko lenye tangi litamshawishi mfadhili kuliko lile la kwanza, kwa kuwa linaonyesha mwandishi anajua maji ya mtaa huo yanavyokuja.

Hili linatuleta kwenye sehemu ambayo naiona dhaifu kuliko zote katika maandiko mengi, nayo ni maelezo ya tatizo. Tatizo huandikwa kama upungufu: hakuna maji, hakuna ajira, hakuna mafunzo. Kisha suluhisho huwa kinyume cha upungufu: tutaleta maji, tutaleta ajira, tutaleta mafunzo. Goma imekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu, na ziwa halijakauka. Anayeandika kwamba Goma haina maji hajaeleza lolote. Maji ya ziwa lazima yapandishwe kwa pampu kwenda mitaa iliyo juu, pampu zinahitaji umeme, mabomba ya REGIDESO, shirika la maji la serikali, hayakukua pamoja na mji, na mlipuko wa 2021 uliharibu tangi kubwa na mabomba ya upande wa kaskazini. Wanaobaki nje ya mtandao hununua au huteka ziwani, na wanaoteka ni watoto na wasichana wanaopoteza saa za shule. Kila pete ya mnyororo huo ni mahali ambapo mradi ungeweza kuingia, na kila moja inahitaji kazi tofauti, fundi tofauti na bajeti tofauti. Tatizo likielezwa kama mnyororo, msomaji anaona kwa nini umechagua pete hii na kuiacha ile. Likielezwa kama upungufu, hana la kufanya ila kuamini au kutoamini.

Wafadhili wana chombo chao cha kulazimisha mantiki hiyo, ambacho hapa kwetu kinaitwa kadre lojiki. Kilitengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya USAID, wakati huo shirika la misaada la Marekani, baadaye Wajerumani na Umoja wa Ulaya wakakichukua. Ni jedwali: lengo kuu, malengo mahsusi, matokeo na shughuli kwa upande mmoja, viashiria, njia za kuthibitisha na mambo tunayotarajia yawepo kwa upande mwingine. Watu wengi hulichukia kama adhabu, nami nalitetea kwa sababu ya safu moja, ile ya mwisho, ambayo karibu kila mtu huijaza kwa haraka: "usalama utaendelea kuwa mzuri". Katika Goma safu hiyo ndiyo inayostahili kufikiriwa kuliko zote. Januari 20, 2025 serikali mpya ya Marekani, nchi iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu nchini Kongo, ilisimamisha misaada yake ya nje. Wiki moja baadaye waasi wa M23 waliingia Goma. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga milango, na mwezi Februari kambi za waliohama makwao, kama Bulengo na Lushagala, zikavunjwa. Mradi ambao mishahara yake ilipita benki, dawa zake zilipita angani na walengwa wake waliishi kambini ulipoteza nguzo tatu ndani ya majuma machache. Hakuna mwandishi anayelaumiwa kwa kutotabiri vita. Lakini aliyejiuliza mapema "benki zikifunga tutalipaje?" na kuandika jibu, hata la mistari miwili, alikuwa na pa kuanzia.

Katika bajeti nako ukweli wa mahali ndio unaopimwa. Mfano ninaoukumbuka kila ninapoona bajeti iliyojaa vifaa vipya ni wa OVG, kituo kinachochunguza volkano za Goma. Mradi ulioungwa mkono na Benki ya Dunia ulipomalizika mwaka 2020, kituo kilikaa miezi kadhaa bila hata pesa za intaneti ya kupokea takwimu kutoka vipima-mtetemo vilivyotegwa mlimani. Ni haki kusema kwamba hatuwezi kudai intaneti hiyo ingeokoa watu wa Mei 2021. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2022 ulionyesha kwamba mlipuko ule haukutanguliwa na dalili za kawaida, na muda wa tahadhari ulikuwa mfupi sana. Funzo langu ni dogo zaidi na halitikisiki: mashine ilikuwapo, lakini gharama ndogo ya kila mwezi inayoifanya mashine iseme haikuwa na mwenyewe. Kwa hiyo andiko la pampu litaje nani atanunua mafuta mwaka wa tatu. Andiko la tangi liseme bidoni itauzwa bei gani, nani atakusanya pesa, na kama bei hiyo inatosha kumlipa mlinzi na kubadilisha bomba likipasuka. Haya wakazi wanaweza kuyakokotoa wenyewe, na wakikokotoa watakuonyesha kama bei uliyoweka itawarudisha ziwani.

Kuna swali jingine ambalo halina safu yake katika jedwali, nalo ni nani atashika funguo. Mwaka 1994 chakula cha wakimbizi kiligawiwa kupitia viongozi wao, na kati ya viongozi hao walikuwamo walioandaa mauaji ya kimbari. Misaada iliwapa nguvu upya. Novemba mwaka huohuo tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliamua kuondoka kambini kwa sababu hiyo. Mradi wa tangi la maji ni mdogo mno ukilinganisha na hayo, ila swali ni lilelile. Tangi likijengwa katika uwanja wa mtu mmoja, huyo ndiye atakayeamua nani anateka. Orodha ya walengwa ikitungwa na mtu mmoja, ndugu zake watakuwamo. Majibu ya maswali haya mwandishi hayapati kwenye fomu, wala mfadhili hayajui. Mtaa unayajua.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba wafadhili hawapendi ukweli wa namna hii. Watasema anayeahidi kubadilisha maisha ya watu 10,000 hushinda, na anayeahidi tangi moja kwa kaya 300 huonekana mnyonge. Pingamizi hili lina uzito. Yapo matangazo ya ufadhili yanayoomba mambo makubwa kwa pesa ndogo na muda mfupi, na wafadhili wanastahili kulaumiwa kwa hilo. Mwaka 2016, katika mkutano wa Istanbul, walikubaliana kwamba ifikapo 2020 robo ya pesa za misaada ya kibinadamu ifikie mashirika ya wenyeji kwa njia ya moja kwa moja kadiri iwezekanavyo. Mwaka huo ukapita, na zilizofika moja kwa moja zilikuwa asilimia chache tu. Lakini tazama kinachofuata baada ya ahadi kubwa. Mkaguzi huja na viashiria mkononi. Shirika lililoahidi watu 10,000 na kufikia 2,000 huandikwa kuwa limeshindwa, hata kama hao 2,000 wamehudumiwa vizuri, na jina hilo hulifuata kwa wafadhili wengine, ambao huulizana. Sasa pesa zimepungua na waombaji hawajapungua, kwa hiyo kosa la namna hiyo linaumiza zaidi.

Pingamizi la pili ni la lugha na muda. Mfadhili anataka Kifaransa au Kiingereza, tangazo hutoka likibakiza wiki mbili, na hakuna nafasi ya kuzunguka mitaani. Jibu langu ni kwamba kazi ya mtaani haisubiri tangazo. Shirika linaloishi mtaa wa Katoyi au Majengo linaweza kuwa na daftari lake la matatizo, lililoandikwa kwa Kiswahili na kusahihishwa na wakazi mara kwa mara, lenye bei, umbali, saa za maji na idadi ya kaya. Tangazo likitoka, kinachobaki ni kuchagua na kutafsiri. Anayeanza kutafuta taarifa siku tangazo linapotoka atanakili andiko la mwaka jana, na huko ndiko vyoo vya mita tatu hutoka.

Pingamizi la tatu naliona gumu kuliko mengine: wakazi nao hujifunza kusema kinacholeta msaada. Baada ya miaka thelathini ya mashirika kupita na karatasi za maswali, mtu akiulizwa ana watoto wangapi anajua jibu lipi lina faida. Ni kweli, na si haki kumlaumu mwenye njaa. Ndiyo maana kuwauliza watu shida zao hakutoshi, unawasomea ulichoandika. Swali "mna shida gani?" huvuta orodha ndefu. Sentensi "maji hufika saa tatu kwa siku na bidoni huuzwa bei hii" huvuta ubishi, kwa sababu wengine waliopo wanajua kama ni kweli. Wanawake wasomewe peke yao pia, maana palipo na wanaume wengi mazungumzo ya maji huishia kwenye nani apewe kandarasi. Mahali penye mazuku, ile hewa ya kabonidioksidi isiyo na harufu inayotoka ardhini na kutuama mabondeni upande wa Bulengo, ni wakazi wa zamani wanaojua bonde gani halifai kujengwa. Hawana sababu ya kudanganya kuhusu hilo.

Wapo pia wanaoona biashara nzima ya maandiko kama shule ya kuombaomba. LUCHA, vuguvugu la vijana lililozaliwa Goma mwaka 2012 na lililopaza sauti kuhusu maji ya mji huu, lilichagua kuishi kwa michango ya wanachama ili lisitawaliwe na mtoa pesa. Nauheshimu uamuzi huo, na kwa kazi ya kuidai serikali nadhani ni sahihi. Lakini tangi la kaya 300 halijengwi kwa maandamano peke yake, na kikundi cha kuweka na kukopa hakiwezi kubeba saruji yote. Utegemezi huanza mtaa unaposubiri kuambiwa shida yake ni nini. Mtaa ulioandika shida yake wenyewe, kwa hesabu zake, unaweza kukataa mradi usioufaa, na huo ni uwezo ambao wengi hatujauzoea.

Siku hizi programu za akili mnemba huandika andiko zima kwa dakika chache, kwa Kifaransa kisicho na doa. Sioni sababu ya kuzikataza. Zitawasaidia walionyimwa lugha hiyo shuleni. Ila zitafanya maandiko yote yafanane kwa ufasaha, na meza ya mfadhili ikijaa ufasaha, kitakachotofautisha karatasi moja na nyingine ni zile saa tatu za maji usiku, jina la bonde lenye mazuku, na bei ya bidoni ya tatu.

Bado maandiko mengi hukataliwa, hata yaliyo mazuri. Andiko lililotungwa kwa ajili ya mfadhili peke yake likikataliwa halina kazi tena. Lililosomwa na kusahihishwa Mugunga linabaki kuwa mpango. Nakala yake ya Kiswahili, pamoja na bajeti, ibandikwe kwenye ofisi ya kartie, yaani ya mtaa. Kiwanja cha tangi kinaweza kuafikiwa sasa, kamati ya maji ikachaguliwa, mawe yakakusanywa kwa salongo, yaani kazi ya pamoja ya wakazi, na hesabu zikapelekwa kwa mfadhili wa pili zikiwa na mstari mpya unaoonyesha kilichokwisha kufanyika.